Gundi ya Maziwa

Kabla ya vita tulitengeneza viti.
High Wycombe nzima ilinuka vumbi la mbao,
na fundi Amos Plumridge,
aliyechonga miguu ya viti miaka arobaini,
alitema mate akasema: ndege ya mbao
ni jeneza lenye mabawa.

Kisha akaletewa mchoro.
Akautazama hadi chai yake ikapoa,
akachomoa penseli nyuma ya sikio
na kusahihisha kipimo kimoja.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hiki kilichoruka tulikiunda hivi:
kiwiliwili nusu mbili, kushoto na kulia,
kama ganda la kunde lililopasuliwa,
kila nusu imelazwa juu ya kalibu yake;
ubao mwembamba, kisha balsa
nyepesi kama mkate mkavu, kisha ubao tena,
na kati yao gundi.

Gundi nilikuwa mimi.
Hester Ludgate, miaka kumi na tisa, ndoo na brashi.
Gundi ya maziwa, yaliyogandishwa, yakakaushwa, yakasagwa:
ng'ombe wa wilaya nzima wamo ndani ya ndege ile.
Mikono yangu ilinuka mtindi uliochacha.
Paka walinisindikiza nyumbani.

Nusu zikiwa bado wazi tulitandaza nyaya na mabomba,
kama mtu atiaye samaki viungo,
ndipo tukazifunga.
Bawa lilikuwa moja tu, ncha hadi ncha,
na juu yake injini mbili zikingurumiana,
mizinga minne chini ya sakafu,
bombomu nne puani.
Ndani, nafasi ya watu wawili, bega kwa bega,
kama wachumba kwenye benchi la kanisa.

Wakaiita Mbu.
Wengine walicheka. Lakini wewe uliyewahi kulala
na mmoja tu chumbani, taa imezimwa,
unajua kwa nini jina lile halikuwa mzaha.
Ndege za mabomu zilikuja gizani,
na Mbu alizifuata nyuma, hazioni,
anazinusa kwa rada.

Mwezi Machi akaja Luteni Tranmer, msoma rada,
anachechemea, wakampandisha juu ya meza ya randa.
Alisema bawa lake lilipigwa tundu la kupita kichwa,
wakaliziba kwa ubao na gundi,
keshokutwa likaruka.
Tulishangilia! Plumridge alivua kofia.
Kisha luteni akasema, kwa sauti ile ile,
kwamba usiku mmoja walikaribia mno,
akamwona mtu dirishani kule mbele
akigeuza shingo.
Hapo hakuna aliyejua mikono aiweke wapi.

Habari za Bengal zilikuja kwa mnong'ono.
Kule jua na mvua hufanya kazi zamu kwa zamu.
Mabawa yalifunguka angani,
yenyewe, bila risasi.
Akaja bwana mwenye mkoba wa ngozi,
akakwangua meza zetu kwa kisu kidogo,
akauliza nani alipaka meza ya nne mwezi Juni.
Nikasema mimi.
Na Mavis Rackstraw, lakini Mavis alikuwa ameolewa, amehama.
Akaandika.
Hakurudi, wala hakuleta barua,
na mimi sikuuliza, kwa kuwa asiyeuliza
hubaki na nusu ya usingizi wake.

Baadaye wakaleta gundi nyingine, ya dawa,
inayochoma macho. Paka wakaniacha.

Sasa tumerudi kwenye viti.
Hiki nilichokalia nilikipaka mwenyewe,
na kila baridi ikiondoka, jikoni kukipata joto,
kiungo cha mguu wa nyuma hulia, kidogo tu.
Mume wangu husema, Hester, ni kiti.
Najua ni kiti.
Nakibonyeza kwa kidole gumba
na kuhesabu hadi ishirini,
kama tulivyofundishwa.